Kombolela Iende Msituni

Mtoto wa Dar es Salaam anayejua kucheza kombolela ana nusu ya ujuzi wa msituni tayari. Anajua kujibana, kuzuia pumzi, kusikiliza nyayo za anayemtafuta, kupima kwa macho umbali uliobaki hadi kituoni, na kuchagua wakati wa kuchomoka ili awakomboe wenzake. Kinachokosekana ni msitu wenyewe.

Na msitu hauko mbali. Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ni masalia ya misitu ya Pwani. Bado kuna njule humo, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayekimbia juu ya majani makavu, na popo wamefanya makazi katika mahandaki ya zamani ya machimbo ya kaolini. Lakini ziara nyingi za shule ni mstari mrefu: mhifadhi anataja majina ya miti, watoto wanaandika, wanakula, wanapiga picha, basi linageuza. Mtoto anarudi nyumbani na daftari lililojaa, wala hajagusa gome la mti hata mmoja. Hilo linaniuma, kwa sababu watoto hawa wakiachiwa wacheze, wanajifunza haraka kuliko tunavyoweza kuwahutubia.

Robert Baden-Powell alilielewa jambo hili alipowapeleka wavulana wapatao 20 kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, kambi iliyozaa skauti. Mmoja wa michezo yake aliutoa katika riwaya ya Rudyard Kipling, Kim, ya mwaka 1901. Kwetu kanga moja inatosha kuucheza. Tandaza chini vitu vya msituni: mbegu ya mkongo, nyeusi yenye kofia nyekundu, gamba la konokono, unyoya, jani lililotobolewa na mdudu, kipande cha gome. Watoto watazame kwa dakika moja, kisha funika. Nani anakumbuka vyote? Raundi ya pili ndiyo tamu zaidi: kila kikundi kiende kitafute vitu kama hivyo ndani ya eneo lililozungushiwa kamba, bila kung'oa kilicho hai. Jicho lililozoea kutofautisha gome na gome ndilo litakaloona nyoka aliyelala kando ya gogo. Hapo hapo wafundishwe sheria ya gogo: kwanza panda juu, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Anayeruka bila kutazama anatoka mchezoni.

Baden-Powell alifia Kenya mwaka 1941 na kuzikwa Nyeri. Juu ya kaburi lake imechongwa duara yenye nukta katikati, alama ya njia ambayo skauti huisoma: nimekwenda nyumbani. Watoto hupenda sana lugha hii ya siri. Kikundi kimoja kinatangulia na kuacha mishale ya vijiti, mawe mawili yaliyobebana, alama ya msalaba mahali pasipopitika. Kikundi cha pili kinafuata. Baada ya muda wanaanza kuona hata alama ambazo hakuna aliyeziweka: jani lililokanyagwa, utando wa buibui uliokatika.

Mchezo ambao ningeomba kila mtoto aujue, hata kama hataucheza mwingine, ni wa kupotea. Mwaka 1981 huko California, Marekani, mvulana wa miaka 9 alipotea mlimani akafa, na baadhi ya waliomtafuta wakaanzisha mafunzo ya watoto yenye agizo moja kuu: ukipotea, kumbatia mti, usiondoke. Hesabu yake ni rahisi. Mtoto akitembea kilomita 2 kuelekea pasipojulikana, watafutaji wana eneo la zaidi ya kilomita 12 za mraba mbele yao. Akibaki ndani ya mita 200 kutoka alipoonekana mwisho, eneo hilo halifiki hata robo ya kilomita moja ya mraba. Basi filimbi ya kiongozi ikilia, kila mtoto achague mti mkubwa ulio karibu, afunge kitambaa cha rangi kali, apulize filimbi yake mara tatu, anyamaze asikilize, apulize tena. Anayeuacha mti wake ameshindwa. Ni kombolela iliyogeuzwa: mshindi ni yule anayeonekana mapema.

Katika kutafuta kaskazini na kusini, vitabu vya Ulaya vinahitaji uangalifu. Vinasema jua la adhuhuri liko kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hivyo adhuhuri ya Juni jua liko kaskazini, na ya Desemba liko kusini. Afadhali kijiti. Kichomeke penye jua, weka kokoto kwenye ncha ya kivuli, chezeni mchezo mwingine kama robo saa, kisha weka kokoto ya pili kivuli kilipofika. Ya kwanza iko magharibi, ya pili mashariki.

Wazazi wengi wanaogopa, na hofu yao ina sababu. Upupu unawasha, siafu wanauma, nyoka wapo. Lakini mtoto aliyeonyeshwa ganda la upupu lenye manyoya hatalishika, na aliyeufuata msafara wa siafu kwa mbali anajua pa kukanyaga. Aliyetishwa tu atakimbia ovyo. Omba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu, chukua watoto wachache unaoweza kuwahesabu kwa kutupa jicho, wavae suruali ndefu na viatu vilivyofunika miguu, kila mmoja na filimbi yake shingoni. Nendeni masika yakishapita, njia zikikauka. Majani makavu yatasaliti kila hatua, na kombolela itakuwa ngumu kuliko walivyowahi kuicheza mtaani.