Wageni wa Bahari ya Sebuleni

Kamba aliyesafiri siku nzima ndani ya mfuko wa plastiki anaweza kuwa salama zaidi kabla mfuko haujafunguliwa kuliko dakika chache baada ya kufunguliwa. Muda wote huo amekuwa akitoa taka yake, amonia, katika maji yaleyale anayopumulia. Lakini pumzi yake imeyajaza maji kaboni dioksidi, gesi inayoyasogeza upande wa asidi, na maji yakiwa hivyo amonia nyingi hugeuka kuwa amonyumu, ambayo haina ukali. Ukifungua mfuko, gesi inatoroka, asidi inapungua, na ile amonia inarudi kuwa sumu. Ushauri wa zamani wa kudondosha maji ya tangi ndani ya mfuko uliofunguliwa, tone kwa tone kwa saa kadhaa, umewamaliza wengi waliofika wakiwa wazima.

Mbona basi asitumbukizwe tu tangini? Tatizo ni chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo. Samaki wa kawaida wa baharini hana chumvi nyingi kiasi hicho. Damu yake ina karibu theluthi moja tu. Hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua, kwa hiyo chumvi ya nje ikipanda au kushuka kidogo, mwili wake unajirekebisha. Kiti cha pweza hana uwezo huo. Hana figo, na vile vijiguu vyake vingi vya chini huendeshwa kwa shinikizo la maji ya bahari aliyoyaingiza mwilini. Maji yakibadilika, na yeye amebadilika.

Maduka mengine huweka chumvi chini kidogo kwenye matangi ya samaki ili kubana matumizi na kuwasumbua vimelea. Kiti cha pweza akitolewa humo na kuingizwa ghafla kwenye maji ya chumvi kamili, siku ya kwanza ataonekana hana neno. Kisha ncha ya mkono mmoja inalegea, ngozi inatoka doa jeupe, mkono unakatika, na baada ya siku chache kinachobaki ni ute juu ya mchanga. Mwenye tangi, kwa kuwa kisa kimechelewa, humlaumu samaki.

Kwa maoni yangu, njia yenye akili ni ya wale wanaomuuliza muuzaji mapema kiwango chake cha chumvi. Huandaa ndoo yenye maji safi ya kiwango hichohicho na joto hilohilo, humhamishia mgeni humo mara tu mfuko unapofunguliwa, kisha hupandisha chumvi pole pole bila amonia kuwaharakisha. Maji ya mfuko humwagwa, hayaingii tangini.

Shaba nayo ina kioja chake. Damu ya kamba na kaa husafirisha oksijeni kwa protini yenye madini ya shaba, ndiyo maana ni ya buluu. Hata hivyo dawa ya shaba inayotibu samaki waliotoka madoa meupe huua kamba kwa kipimo ambacho samaki haoni shida. Tangi lililowahi kutiwa dawa hiyo si la kuwekea kamba, kwani mawe yaliyoinyonya huendelea kuiachia.

Kuna kifo kingine ambacho si kifo. Kamba msafishaji, yule mwenye mstari mweupe mgongoni katikati ya michirizi miwili myekundu, mara nyingi hujivua gamba siku za mwanzo za ugeni. Asubuhi unamkuta chini, mweupe, miguu yote ipo, papasi zote zipo, ndani hamna kitu. Mwenyewe amejibanza nyuma ya jiwe akingoja gamba jipya likaze.

Matumbawe yana mambo yao. Kwenye miamba ya pwani yetu, maji ya bamvu yakitoka, baadhi yao hubaki juani kwa muda na hayafi, kwa hiyo kuyatoa majini kwa dakika moja si hoja. Kinachoyaumiza ni taa. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa seli moja unaolilisha sukari kwa nguvu ya mwanga. Tumbawe lililozoea mwanga hafifu likiwekwa chini ya taa kali, mwani huo huzalisha oksijeni ya namna inayounguza chembe za mwenyeji wake, naye huutema na kubaki mweupe. Mgeni huanzia chini ya tangi, hupandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Rangi zinazowatia watu wazimu wa kununua hutoka kwenye protini zinazong'aa. Mwaka 1999 watafiti wa Urusi walitangaza protini nyekundu waliyoipata kwa Discosoma, ndugu laini wa matumbawe, kutoka kwenye matangi ya mjini Moscow. Leo protini hiyo na vizazi vyake hutumika maabara nyingi kutia chembe hai alama ili zionekane kwa hadubini.

Majirani nao wachaguliwe. Tumbawe liitwalo Galaxea hurefusha minyiri maalumu yenye sumu na kumchapa aliye karibu. Matumbawe mengine hutoa nyuzi za tumboni, huzitandaza juu ya jirani na kummeng'enya palepale alipo. Kabla ya yote, mgeni huogeshwa dawa ili kuangusha minyoo bapa, lakini mayai yao huponyoka, na ndiyo sababu ya kumtenga kwa wiki kadhaa.

Palythoa, vile vifundo vya kahawia vinavyotanda juu ya mawe, vingine vina palitoksini, sumu iliyotengwa Hawaii na kutangazwa mwaka 1971. Wapo waliojaribu kuving'oa kwa kumwagia jiwe maji ya moto. Mvuke ukawapeleka hospitali wao na waliokuwa nao nyumbani. Glavu na miwani ni lazima, na jiwe halichemshwi.

Biashara ya matumbawe magumu kutoka nchi hadi nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na Indonesia, muuzaji mkubwa, ilisimamisha usafirishaji mwaka 2018 hadi 2020. Hilo liliwapa nguvu wanaozalisha nyumbani. Dietrich Stüber wa Berlin alikuwa amekwisha kuonyesha, katika miaka ya 1980, kwamba tumbawe gumu liitwalo Acropora hukua tangini, na vipande vyake vikasambaa kwa wafugaji wenzake. Tumbawe likikatwa, kila kipande ni mnyama yuleyule kwa chembe za urithi, kwa hiyo haishangazi kumkuta mmoja akikua katika nyumba za nchi kadhaa kwa wakati mmoja. Kipande hugandishwa kwenye jiwe kwa supaglu, gundi inayokaza hata ndani ya maji ya chumvi, na kikishashika, nyama yake huitambalia gundi hadi kuifunika.