Jua na Sura ya Mvuvi Katika Picha Moja

Kalenda nyingi zenye picha ya Ziwa Victoria zinafanana. Jua la machungwa limegusa maji, anga inawaka, na mbele yake kuna mtumbwi na mvuvi, weusi tii kama vivuli vilivyokatwa kwa mkasi. Picha inapendeza, lakini mvuvi hana sura. Haijulikani kama ni kijana au mzee, kama anacheka au amechoka. Mtu aliyesimama naye ufukweni jioni hiyo alimwona vizuri kabisa.

Kati ya alichoona mtu yule na kilichobaki kwenye kamera kuna pengo, na ni pengo hilo lililozaa mbinu ya kuunganisha picha. Mpiga picha hasogei. Anapiga picha mbili, tatu au zaidi za mahali palepale, kila moja kwa kiasi chake cha mwanga, kisha anachukua anga kutoka hii na mchanga kutoka ile mpaka apate picha moja. Wapiga picha wa pwani wameizoea sana, kwa sababu hakuna mahali ambapo mwanga na kivuli hugombana kama pale maji yanapokutana na anga.

Mkoa wa Geita, nchini Tanzania, hauna bahari. Una ufukwe wa Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na kwa mtu anayetoka Kahama au Shinyanga mjini, pwani ya karibu ni ya ziwa hilo. Anayekaa Mwanza naye amerahisishiwa njia na Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Mwalo wa Nkome, ambako boti za kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo hung'oa nanga, uko mashariki ya kisiwa hicho. Ukiwa Nkome jioni, jua linashukia upande wa Rubondo, na kila kitu kilicho kati yako na jua kinakuonyesha mgongo wake wenye kivuli.

Wapiga picha hupima mwanga kwa stopu. Kuongeza stopu moja ni kuongeza mwanga maradufu, kwa hiyo stopu 10 ni mwanga mara 1,024, na stopu 14 ni mara 16,384. Kamera nzuri za siku hizi, zikihifadhi faili ghafi, hufikia karibu stopu 14. Ni nyingi, lakini hazitoshi lenzi ikielekezwa kwenye jua lenyewe huku mbele kukiwa na ubavu wa mtumbwi usiofikiwa na mwanga. Kamera inalazimika kuchagua. Ikihifadhi anga, watu wanazama gizani. Ikihifadhi watu, anga inageuka nyeupe tupu.

Jicho halipati taabu hiyo kwa sababu halitazami vyote kwa mkupuo. Likihama kutoka mawinguni hadi mchangani, mboni inapanuka. Likirudi juu, inasinyaa. Na ubongo unaunga vipande hivyo bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana wanaosema kwamba kuunganisha picha ni udanganyifu wana haraka mno. Kinachofanywa kwenye kompyuta kinakaribiana sana na kile ambacho kila mwenye macho anakifanya akiwa amesimama ufukweni.

Tena jambo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1850 wapiga picha wa Ulaya walitumia vioo vilivyopakwa kolodioni, dawa iliyohisi mwanga wa buluu kupita kiasi. Anga iliungua kabla bahari haijaanza kuonekana. Mfaransa Gustave Le Gray akapiga negativu moja kwa ajili ya mawingu na nyingine kwa ajili ya maji, akaziunga kwenye upeo wa macho alipochapa karatasi. Picha yake ya wimbi kubwa la Sète, ya mwaka 1857, ilitengenezwa hivyo. Le Gray hakuona haya kutumia mawingu yaleyale juu ya bahari tofauti, na hapo ndipo mtu ana haki ya kumhoji. Aliondoka Ufaransa mwaka 1860, akaishia Misri, akafundisha kuchora, na akafariki Cairo mwaka 1884.

Nkome ya leo haihitaji kolodioni. Inahitaji stendi imara ya miguu mitatu, kwa sababu picha zikipishana hata kidogo kingo hazitaungana. Kamera inatolewa kwenye mpangilio wa kujiamulia yenyewe. Fokasi inafungwa, rangi inafungwa, tundu la lenzi linaachwa palepale, tuseme f/11, na kinachobadilishwa ni muda wa shata peke yake. Sekunde 1/250 inatunza jua na mawingu. Sekunde 1/60 inatoa maji. Sekunde 1/15 inafungua kivuli cha mtumbwi na watu walio mchangani. Kila hatua hapo ni stopu 2. Tundu haliguswi kwa sababu likibadilika, kina cha sehemu iliyo wazi kwenye picha hubadilika pia, na picha ya kwanza haitalingana na ya tatu.

Muda ni mfupi. Nkome haifiki digrii 3 kusini mwa Ikweta, na jua huko hushuka karibu wima. Kuanzia linapozama, karibu saa 1 jioni, mpaka mwanga wa utusitusi unapofifia ni dakika 21 au 22. London katikati ya Juni mpiga picha hupewa zaidi ya 40. Anayefika mwaloni jua likishagusa maji, akaanza kufungua begi, amechelewa.

Halafu kuna tatizo ambalo mpiga picha wa milima halijui: maji hayatulii. Wimbi lililo kwenye picha ya kwanza halipo kwenye ya pili. Mtumbwi uliofungwa kamba unapanda na kushuka. Kisiwa cha magugumaji kilichokuwa kushoto kinasukumwa na upepo kuelekea kulia. Kompyuta ikiachiwa iunganishe yenyewe, hutoa mitumbwi yenye kingo mbilimbili na watu wenye mikono inayopitisha mwanga. Mwenye uzoefu huchagua picha moja kwa ajili ya maji yote, na moja kwa ajili ya kila kitu kinachotikisika, hata kama si kamilifu. Anazipanga leya juu ya leya katika Photoshop au GIMP, ambayo ni ya bure, kisha kwa brashi laini anafunua sehemu anayoitaka na kuficha isiyohitajika. Kazi ngumu zaidi iko kwenye upeo wa macho, kwa kuwa vilima vya Rubondo huukata, na brashi ikizidi kidogo huacha ukanda mweupe juu ya miti.

Njia ya kuiachia mashine nayo ina historia yake. Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza mwaka 1997 namna ya kukokotoa mwanga halisi wa mahali kutokana na picha kadhaa, na mwaka 2007 Tom Mertens na wenzake wakaonyesha jinsi ya kuchukua kipande bora cha kila picha moja kwa moja. Apple iliingiza uwezo huo wa kuunganisha picha, unaoitwa HDR, kwenye iPhone mwaka 2010, na sasa simu nyingi hupiga picha kadhaa kwa kubonyeza mara moja. Kwa hiyo mamilioni ya watu wanaunganisha picha kila siku bila kujua. Ubaya ni pale kitelezi cha programu kinaposukumwa hadi mwisho: mawingu yanakuwa ya masizi, kila kokoto inang'aa, na hakuna kivuli kilichosalia. Jioni isiyo na kivuli si jioni. Picha nzuri iliyounganishwa huacha giza mahali ambapo giza lilikuwepo.

Kwa pwani hii, sababu kubwa ya kujifunza mbinu hii ni watu. Teknolojia ya picha haikutengenezwa kwa kuwafikiria. Kwa miongo kadhaa maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizokuwa na mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikatoka bila maumbo. Mtu mweusi aliyepigwa picha akilipa jua mgongo anapoteza mara mbili. Pale mwaloni kuna wanawake wanaogeuza dagaa waliotandazwa mchangani wakauke. Dagaa ni wa rangi ya fedha, wanarudisha mwanga mkali, na kamera ikiwafuata wao inamfunika anayewageuza. Picha mbili, moja ikiwapima dagaa na nyingine ikiupima uso, humrudishia mwanamke huyo sura yake katika kazi yake. Mpiga picha wa harusi anayewaleta maharusi ziwani anakutana na jambo hilohilo: gauni jeupe, suti nyeusi, na jua nyuma yao.

Ndani zaidi ya nchi, mbali na maji, mbinu hubaki ileile. Shimo la wazi la mgodi, kama Nyankanga la Mgodi wa Dhahabu wa Geita au lile la almasi la Mwadui mkoani Shinyanga, jioni huwa na ukuta mmoja uliojaa jua na sakafu iliyokwisha kuzama kivulini. Huko afadhali kidogo, mawe hayachezi kama maji, ingawa hakuna anayeruhusiwa kusimika stendi bila kibali cha mgodi.

Usiku ziwani kuna kazi nyingine kabisa. Mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta samaki. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Mpiga picha huacha kamera palepale tangu jua lilipozama. Anapiga moja anga ikiwa bado buluu na vilima vikionekana, anangoja giza liingie, kisha anapiga nyingine ya sekunde 15 au 30 kwa ajili ya taa. Programu inaagizwa ichukue katika kila nukta kile kilichong'aa zaidi. Taa zinazoelea zitaacha michirizi, na mwenye kutaka nukta safi itabidi afupishe muda na kuongeza usikivu wa kamera, akubali chengachenga.

Hapo swali la ukweli linakuwa zito, kwa sababu picha hiyo ina saa mbili tofauti ndani yake. Vyombo vya habari vina sababu ya kuwa wakali. Mwaka 2013 picha ya mazishi Gaza ya Paul Hansen wa Sweden, iliyoshinda tuzo kuu ya World Press Photo, ilituhumiwa kuwa imeunganishwa. Wataalamu walichunguza faili ghafi wakathibitisha kuwa ni picha moja iliyorekebishwa mwanga na rangi. Kwa habari, picha moja ibaki moja. Kwa kalenda, maonyesho au ukuta wa sebuleni, maelezo mafupi chini ya picha yanatosha: imepigwa Nkome, ni picha mbili, ya kwanza saa 1 na robo jioni, ya pili saa 2 usiku.