Hukumu ya Kuendesha Gari kwa Ulevi na Mambo Yanayoifuata

Wapo madereva wengi, katika Kata ya Soweto na katika Manispaa ya Moshi kwa jumla, wanaoamini kwamba kesi ya kuendesha chombo cha moto kwa ulevi humalizika siku faini inapolipwa. Imani hiyo si sahihi. Faini ni sehemu ndogo ya adhabu. Sehemu iliyo kubwa huanza baada ya mshtakiwa kutoka mahakamani, nayo hugusa leseni yake, ajira yake, bima yake na mali yake. Makala hii inaeleza mambo hayo kwa utaratibu, ili mtumishi wa umma na mwananchi wa kawaida wayajue kabla hayajawafika.

KOSA LENYEWE

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya Sheria za Tanzania, makosa ya ulevi barabarani ni ya namna mbili. La kwanza ni kuendesha hali dereva amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo. La pili ni kuendesha hali kiasi cha kileo katika damu kimezidi kile kilichowekwa na sheria, ambacho kwa dereva wa gari binafsi ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Kwa kosa hili la pili, haimsaidii dereva kudai kwamba alikuwa akiendesha vizuri. Kinachoangaliwa ni kipimo. Dereva wa gari la abiria au la biashara hatakiwi kuwa na kileo chochote. Vile vile, anayekataa kupimwa bila ya sababu ya msingi hutenda kosa kwa kukataa huko. Ieleweke pia kwamba pikipiki na bajaji ni vyombo vya moto sawa na gari.

Jambo linalowaponza wengi ni hesabu ya saa. Mwili huondoa kileo polepole, kwa wastani wa miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu, na watu hutofautiana. Supu, kahawa, maji baridi au usingizi mfupi haviongezi kasi hiyo. Dereva aliyefikia miligramu 150 saa sita ya usiku atakuwa bado na miligramu 60 saa kumi na mbili asubuhi, na damu yake haitakuwa safi mpaka karibu saa nne. Huyo, akiwa ni dereva wa daladala na akashika usukani alfajiri, ana kosa, ijapokuwa amelala, ameoga na anajiona mzima.

Kwa wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro, mbege huongeza ugumu wa hesabu hiyo. Pombe hiyo ya ndizi na ulezi haina kipimo kilichoandikwa juu ya chombo, na ukali wake hubadilika kadiri inavyozidi kuchacha. Mnywaji wa kibuyu kimoja leo hawezi kujua kama ni sawa na kibuyu cha jana. Tahadhari hii inahusu zaidi mwezi wa Desemba, wakati ndugu wengi wanaporudi nyumbani kwa sikukuu na magari yanapokuwa mengi katika barabara za kupanda na kushuka mlima.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya KCMC, Moshi, miaka ya 2013 na 2014, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya majeruhi walioshirikishwa, wa ajali za kila aina, walikuwa wamekunywa pombe katika saa chache kabla ya kuumia.

MBELE YA HAKIMU

Mshtakiwa husomewa shitaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Wengine hukiri upesi, si kwa kuwa wameelewa shitaka, bali kwa kutaka kulipa na kurudi nyumbani. Wajue uzito wa neno hilo. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana nafasi ya kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia tu uhalali au ukubwa wa adhabu. Aliyekana kosa na kuonekana ana hatia katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi aweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Atoe taarifa ya kusudio lake katika siku 10, na hati ya rufaa katika siku 45. Mshtakiwa asiyeelewa shitaka ana haki ya kuomba aelezwe kabla ya kujibu, na kutafuta wakili.

Ikiwa ulevi umesababisha mtu kuumia au kufa, shauri huwa jingine. Hapo huja shitaka la kusababisha madhara au kifo kwa kuendesha kwa hatari, na kifungo huwa karibu zaidi kuliko faini.

LESENI

Mbali na faini au kifungo, mahakama ina uwezo wa kuandika kosa katika kumbukumbu za leseni, kuisimamisha au kuifuta, na kumzuia mkosaji asipate nyingine kwa muda itakaoutaja. Anayeendesha katika muda wa kuzuiwa hutenda kosa jipya. Kwa mwenye gari lake la kwendea kazini, hayo ni usumbufu. Kwa dereva wa daladala, wa lori au wa watalii wanaokwenda mlimani, ni kupoteza chombo cha kazi.

AJIRA

Mtumishi wa umma aliyeshitakiwa kwa jinai aweza kusimamishwa kazi na kulipwa nusu mshahara wakati shauri linaendelea. Akitiwa hatiani, mamlaka yake ya nidhamu yaweza kuchukua hatua kwa kutegemea hukumu hiyo, na mwisho wake waweza kuwa kufukuzwa. Asiyeridhika ana njia ya rufaa katika ngazi zilizowekwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Kwa dereva wa Serikali jambo ni zito zaidi, kwani asiye na leseni hawezi kutimiza kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Katika sekta binafsi mwajiri hana ruhusa ya kumwachisha mtu papo hapo bila ya kumsikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu ya haki na utaratibu wa haki. Anayeona ameonewa apeleke mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30 tangu kuachishwa. Hata hivyo, dereva aliyefungiwa leseni asitegemee kwamba utaratibu huo peke yake utamrudisha kwenye usukani.

Aidha, wanaoomba kazi au safari za nje mara nyingi hutakiwa kuleta hati ya Polisi kuhusu kumbukumbu za makosa, ambayo hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Marekani, kwa utaratibu wa tangu mwaka 2015, yaweza kufuta viza ya mtu aliyekamatwa kwa kosa hili.

FIDIA NA BIMA

Hapa ndipo penye mzigo ambao wengi hawautarajii. Aliyeumizwa, au warithi wa aliyekufa, wana haki ya kufungua madai ya fidia. Kwa Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, huchukuliwa kuwa ushahidi usiopingika kwamba aliyehukumiwa alitenda kosa hilo. Kwa hiyo dereva aliyekiri ulevi ili alipe faini na kuondoka hawezi baadaye kuiambia mahakama ya madai kwamba hakuwa amelewa.

Bima ya lazima imewekwa ili kumlinda mtu mwingine aliyedhurika, si kumsitiri dereva mlevi. Masharti ya hati nyingi za bima huondoa kinga ikiwa aliyekuwa akiendesha amelewa. Matokeo yake ni kwamba kampuni yaweza kukataa kutengeneza gari la mwenye bima, na ikiwa imemlipa aliyedhurika, ikamgeukia mwenye bima kudai irudishiwe fedha zake. Deni la namna hiyo huweza kufika kwenye kiwanja, kwenye nyumba na kwenye ada za watoto ambao hawakuwapo barabarani siku ile.

YANAYOSHAURIWA

Anayekusudia kunywa aache gari nyumbani, au aamue mapema nani asiyekunywa atakayeendesha. Uamuzi wa kabla ya kunywa ni bora kuliko ule wa baadaye. Wenye daladala na wenye bodaboda wasimkabidhi ufunguo dereva anayenuka pombe asubuhi. Wakuu wa idara wahakikishe gari la Serikali linarudishwa baada ya kazi. Wenye nyumba na wenyeji wa sherehe, wasione haya kumzuia mgeni au kumpa mahali pa kulala.

Nauli ya bodaboda yenye dereva asiyelewa, kutoka baa hadi nyumbani, ni ndogo. Kila mwenye leseni ailinganishe na gharama zilizotajwa hapo juu kabla hajashika ufunguo wake.