Superman arudi karatasini na sura ya sinema

Ukishuka matatu Langas jioni, kando ya barabara itokayo mjini Eldoret kwenda Kapsabet, huenda sauti ya kwanza utakayoisikia ikatoka katika banda la vidio. Mle ndani stelingi ni Mmarekani au Mchina, lakini anayesema ni Mkenya. DJ Afro na wenzake wamezoea kuifunika sauti ya wenye sinema na kuitangaza upya kwa Kiswahili cha mtaani, wakimpa stelingi maneno ambayo hakuyasema kamwe. Sinema ikiisha, watazamaji nao hawanyamazi. Huondoka kwa makundi wakiiendeleza njiani: yule mkora angalitoroka, angalirudi na jeshi, stelingi angalimkuta mama yake yu hai.

Kazi hiyo hiyo ya njiani ilifanywa huko Marekani mwaka 2021, na waliofanya walilipwa.

Superman aliumbwa na vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, akatokea katika kitabu cha katuni mwaka 1938. Miaka 40 baadaye, Desemba 1978, Richard Donner alimtia katika sinema, na kazi ya kuruka angani akapewa kijana ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa, Christopher Reeve. Tangu hapo watu wengi wakitajiwa Superman huona sura ya Reeve, wala si ile aliyoichora Shuster. Kitabu kilikuwa kimezaa sinema. Sasa sinema nayo ikazaa kitabu: kampuni ya DC ilitoa Superman '78, vitabu sita vilivyoandikwa na Robert Venditti na kuchorwa na Wilfredo Torres, ambavyo vinamfuata Superman wa sinema tu. Mwaka huo huo Batman naye alifanyiwa vivyo hivyo kwa kufuata sinema yake ya 1989.

Hadithi yenyewe ni hii. Brainiac, kiumbe mwenye akili ya mashine, kazi yake ni kuiba miji, kuifanya midogo na kuiweka ndani ya chupa. Anafika Metropolis na kumwona Superman kuwa ni mgeni asiye na haki ya kukaa duniani. (Neno hilo “mgeni” linaeleweka vyema Langas, mtaa ulioonja moto na damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kwa sababu ya swali la nani ni wa hapa na nani si wa hapa.) Ili mji upone, Superman anajisalimisha. Anatiwa chupani. Na humo chupani, katika mji wa Kandor ulioibwa kabla sayari yao haijapasuka, anawakuta baba na mama waliomzaa, wazima.

Hapo niliweka kitabu chini kidogo. Mpenzi msomaji, ukiikumbuka ile sinema, Superman hakuwa na baba ila picha na sauti iliyohifadhiwa katika fuwele. Alifundishwa na mtu asiyeweza kumshika mkono. Venditti anampa mkono huo, lakini anampa gerezani.

Na kuna jambo jingine. Reeve alianguka kutoka mgongoni mwa farasi mwaka 1995, akapooza, akafariki 2004. Donner alifariki Julai 2021, majuma machache tu kabla kitabu cha kwanza kuchapishwa. Torres hakumchora Reeve kama anayenakili picha ya kitambulisho. Kidevu, mabega, na ule msokoto wa nywele kipajini, basi, umemjua. Anaruka tena.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliwahi kuona mambo ya namna hii. James Bond, mtu wa vitabuni aliyetungwa na Ian Fleming, aliingia katika sinema mwaka 1962. Haukupita muda mrefu ila gazeti la African Film, la kampuni ya Drum, likatuletea Lance Spearman, au Spear kwa waliomzoea. Yeye hakuchorwa, alipigwa picha, moja baada ya nyingine, na maneno yakaandikwa juu yake. Kofia upande, tai ya kipepeo, gari la mbio. Kulikuwa na Sonia, kijana Lemmy, Kapteni Victor wa polisi, na yule adui asiyechoka, Rabon Zollo. Aliyeigiza Spear alikuwa Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, nchi ambayo siku zile sheria ilimwambia mtu mweusi aishi wapi na aketi wapi. Ni kweli mwenye kampuni, Jim Bailey, alikuwa Mzungu. Lakini katika kurasa zile Mkwanazi ndiye aliyekuwa na gari, bastola na neno la mwisho.

Torres aliichukua sinema akairudishia sura yake ile ile. Wale wa Spear waliichukua sinema wakaibadilisha sura. Kwa ujasiri, mimi nawapa tuzo wa Spear. Kwa machozi, Superman '78.

Anavyotoka chupani sitaeleza. Niliposimulia hadithi hii nje ya banda moja la vidio hapo Langas, nilifikia mahali pa baba na mama nikanyamaza makusudi. Vijana wale, wengi wao wazazi wako mashambani, wakagawanyika mara moja. “Mzee, mimi singetoka,” akasema mmoja wa bodaboda. “Dunia watajua wenyewe.” Mwenzake akamkemea: na wale wa Metropolis aliojitoa kwa ajili yao? Wa tatu akataka kujua kama mama yake alimtambua alipomwona, maana aliondoka akiwa mtoto mchanga. Abiria alifika, akapanda nyuma ya pikipiki, na yule wa kwanza akaondoka akiwa bado anabishana huku ameugeuza uso.