Soko la Kariakoo na Paa Lake la Miavuli

Kitenge ulichonunua dukani Mbinga mjini, au sufuria uliyoipata Mbamba Bay, huenda kilipitia Kariakoo, Dar es Salaam. Jina hilo tunalijua sote. Lakini limetoka wapi? Na mbona jengo la soko lile lina paa la ajabu?

Tuanze na jina. Mwaka 1914 nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Pale penye soko walijenga banda kubwa la maonyesho, lakini vita ikawakuta. Hata huku kwetu ziwani vita hiyo ilifika mapema sana. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani pale Liuli, ikiwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, inasemekana, hakuwa hata na habari kwamba kuna vita!

Septemba 1916 Waingereza waliiteka Dar es Salaam. Barabara hazikuwepo za kutosha, na ndorobo iliua wanyama wa mizigo. Basi risasi, unga na mahema vilibebwa kichwani na Waafrika. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi ya leo, wapagazi hao waliitwa tengatenga. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, nacho kilipiga kambi pale penye banda. Watu wa mjini wakalitamka jina kama walivyolisikia: Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Wengi hata majina yao hayakuandikwa.

Baada ya vita lile banda likawa soko. Mji ukakua, soko likawa dogo. Ndipo, baada ya Uhuru, Serikali ikaamua kujenga soko jipya mahali pale pale. Aliyechora ramani yake ni Mtanzania, ndugu Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza katika Afrika Mashariki kusomea kazi ya kusanifu majengo. Ujenzi ulianza mwaka 1971. Mwalimu Nyerere alilifungua soko tarehe 8 Desemba 1975.

Sasa tazama paa. Fikiria mwavuli uliogeuzwa na upepo: kingo ziko juu, katikati pamebonyea. Paa la Kariakoo ni miavuli mingi ya namna hiyo, iliyojengwa kwa zege, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mtu akisimama chini huona kama yuko kwenye miti mikubwa. Na sisi watu wa vijijini tunajua: gulio huanzia kivulini, chini ya mti. Kwa kuwa miavuli imeinuliwa juu, hewa hupita na joto la watu hutoka. Tena mvua ikinyesha, maji hayatiririki ovyo pembeni. Hukimbilia katikati ya mwavuli, yakashuka yakusanywe. Mmatengo hahitaji kuelezwa sana hapo. Ngoro zetu za mlimani nazo huzuia maji ya mvua yasikimbie, ila ngoro huchimbwa ardhini, na zile za Amuli ziko hewani!

Chini ya soko kuna ghorofa iliyochimbwa ardhini. Watu huiita Shimoni. Humo ndimo mazao yalikouzwa kwa jumla.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Watu waliokuwa na mtaji wa miaka mingi ndani walipambazukiwa hawana kitu. Mwaka 2022 Serikali ilianza kulikarabati jengo hilo na kujenga jingine jipya pembeni yake.

Ukipata safari ya Dar es Salaam, bei utaulizia tu. Lakini kwanza simama kidogo, shika mfuko wako vizuri, halafu inua macho uitazame ile miavuli.