Je, Wajua? Daktari Kafaulu, Mgonjwa Je?

Je, wajua kwamba hoja ya kumfundisha daktari kwa umahiri, yaani ahitimu kwa kuwa kazi anaiweza na si kwa kuwa miaka imetimia, ilichapishwa na Shirika la Afya Duniani tangu 1978?

Je, wajua kwamba mtihani wa vituo, ambapo mwanafunzi hupima presha hapa na kuhoji mgonjwa pale, ulitangazwa mwaka 1975 na Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, na wenzake? Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alipanga umahiri katika ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Mtihani wa vituo unaishia ngazi ya tatu. Ya nne iko wodini, na huko ndiko wapimaji wengi wa mitaala hawafiki.

Je, wajua kwamba Haydom, mkoani Manyara, walifika? Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali ya Kilutheri ya huko walipewa mafunzo ya siku moja ya kumwokoa mtoto aliyezaliwa hapumui: mkaushe, msugue mgongo, asipovuta pumzi mpulizie hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Walipopimwa kwa mwanasesere, waliofaulu kumpulizia walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Wengine wangeishia hapo na kugawa vyeti. Watafiti wakaingia chumba cha kujifungulia: idadi ya vichanga waliopuliziwa hewa haikubadilika, na vifo vya saa 24 za kwanza vilikuwa 11.1 kwa kila watoto 1,000.

Dawa yake? Mazoezi mafupi ya mara kwa mara, dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale kazini. Vifo vikashuka hadi 7.2. Hao ni watoto, si alama za karatasini.

Je, wajua kwamba mwaka 2009 mtafiti David Asch na wenzake walichapisha utafiti wa uzazi zaidi ya milioni 4 katika majimbo ya Florida na New York, wakiangalia kila daktari alisomea wapi ubingwa? Waliotoka kwenye programu za chini kabisa, wanawake 13.6 kati ya 100 waliowahudumia walipata madhara makubwa. Waliotoka kwenye programu za juu, 10.3. Alama za mtihani wa leseni zilipoingizwa kwenye hesabu, tofauti hiyo haikuondoka.