Gari linalowaka leo na kugoma kesho: jinsi ya kuitafuta hitilafu ya stata

Kwa miaka mingi sasa, bandari ya Dar es Salaam imekuwa lango la magari yaliyotumika yatokayo Japani kwenda Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo. Mengi huendeshwa barabarani kwa zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga. Njiani gari huzimwa mara nyingi: kwenye vituo vya mafuta, mbele ya hoteli, na kwenye foleni za forodha. Kila linapozimwa, dereva hubaki na swali moja: je, litawaka tena?

Hitilafu inayowatesa wengi ni ile isiyotokea kila mara. Asubuhi gari linawaka kwa mguso mmoja. Mchana, baada ya kusimama kidogo, linatoa mlio mmoja na kunyamaza. Dereva anageuza ufunguo mara tano au kumi, kisha ghafla injini inaunguruma kana kwamba hakukuwa na tatizo. Akifika kwa fundi, gari linawaka mara ya kwanza. Basi hushauriwa anunue betri mpya. Tatizo likirudi, hushauriwa anunue stata. Huenda fedha zote hizo zikatumika, na hitilafu ikabaki pale pale.

Ugumu unatokana na jambo moja: ushahidi wa hitilafu hiyo hupatikana wakati gari linapogoma, si wakati linapokubali. Mwenye gari akijua la kusikiliza na la kutazama katika dakika hizo chache, atamsaidia fundi kuliko maelezo yoyote ya baadaye.

Umeme unavyosafiri

Stata ina njia mbili za umeme. Ya kwanza ni nyembamba: hutoka kwenye swichi ya ufunguo, hupita kwenye rilei na, kwa magari ya otomatiki, kwenye swichi inayohakikisha kuwa gia iko P au N. Mwisho wake ni solenoidi, yaani sumaku ya umeme iliyobebwa mgongoni mwa stata. Njia ya pili ni waya mnene utokao moja kwa moja kwenye betri hadi kwenye stata, wenye uwezo wa kupitisha zaidi ya ampea 100.

Ufunguo unapogeuzwa, solenoidi hufanya kazi mbili kwa pamoja. Husukuma gia ndogo ishikane na meno ya flaiwili ya injini, na hapo hapo hubana kisahani cha shaba juu ya vipande viwili vya shaba. Vipande hivyo vikiunganishwa, umeme mwingi huingia kwenye mota ya stata, nayo huizungusha injini.

Sikiliza mlio, tazama taa

Gari linapogoma, washa taa kubwa za mbele, kisha geuza ufunguo huku ukitazama mwanga wake.

Taa zikififia sana au kuzimika, na ukasikia mlio wa haraka wa tak-tak-tak, shaka ya kwanza iwe juu ya betri na vishikio vyake. Kishikio kilicholegea au kilichoota unga mweupe au wa kijani huweza kupitisha umeme wa kutosha kuwasha taa, lakini kikashindwa kubeba mzigo wa stata.

Taa zikibaki na nguvu, nawe usisikie chochote, tatizo huenda liko kwenye njia nyembamba: swichi ya ufunguo, rilei, fyuzi au swichi ya gia. Kwa gari la otomatiki, hamisha gia kutoka P kwenda N ukiwa umekanyaga breki, kisha jaribu tena. Likiwaka katika N, ichunguzwe kwanza swichi ya gia.

Taa zikibaki na nguvu, na ukasikia mlio mmoja mzito wa "tak" bila injini kuzunguka, njia nyembamba imefanya kazi yake: solenoidi imevuta, lakini umeme mwingi haukufika kwenye mota.

Na ukisikia mota ikizunguka kwa kasi ilhali injini imetulia, gia ndogo haishikani na flaiwili, au klachi yake inateleza.

Vipande viwili vya shaba

Mlio ule mmoja wa "tak" ndio unaowapotosha wengi. Kila gari linapowashwa, cheche huruka kati ya kisahani na vipande vya shaba na kuvila kidogo kidogo. Baada ya miaka, kipande kimoja huisha kuliko kingine. Siku nyingine kisahani hugusa vyote viwili, siku nyingine hugusa kimoja tu. Ndiyo maana gari hukubali katika jaribio la nane baada ya kukataa mara saba.

Huo ni uchakavu wa kawaida. Katika stata nyingi za Denso zilizofungwa kwenye magari ya Toyota ya miaka ya 1990, vipande hivyo hubadilishwa pekee, kwa gharama ndogo sana ikilinganishwa na bei ya stata nzima. Kwa stata nyingine, solenoidi imefungwa kabisa na hubadilishwa yote. Kabla ya kununua, muulize fundi ni ya aina gani.

Vipimo vya kuthibitisha

Mita ya volti huondoa ubishi. Betri iliyojaa, gari likiwa limetulia, husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.2, imebaki na karibu nusu ya chaji. Stata inapozunguka, betri nzima haipaswi kushuka chini ya takriban volti 9.6.

Gari likigoma kwa mlio mmoja, fundi apime mahali patatu huku mtu mwingine akishikilia ufunguo. Kwanza apime waya mwembamba wa solenoidi: ukikosa volti, hitilafu iko nyuma, upande wa ufunguo. Pili, apime nguzo ya waya mnene utokao kwenye betri: volti zikiporomoka hapo ilhali betri yenyewe imesimama imara, waya au kishikio kina kasoro. Tatu, apime nguzo inayoingia kwenye mota. Nguzo ya kwanza ikiwa na volti kamili na hii ikiwa tupu, vipande vya shaba vimekwisha. Zote mbili zikiwa na volti na mota haizunguki, kaboni za ndani zimechakaa. Waya wa ethi kati ya betri na injini nao usisahauliwe.

Yanayosaidia na yanayodhuru

Kuigonga stata kidogo kwa mti kunaweza kuiamsha, na hicho chenyewe ni kidokezo kwamba hitilafu iko ndani yake. Hata hivyo si tiba. Tena nyundo inaweza kuzipasua sumaku za baadhi ya stata. Kusukuma husaidia gari la gia za mkono. Magari ya otomatiki kwa kawaida hayawaki kwa kusukumwa.

Hatari kubwa ni kuunganisha nguzo za stata kwa bisibisi. Gari likiwa kwenye gia huruka mbele na linaweza kumponda aliye mbele yake. Aidha, waya mnene wa stata huwa na umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, hivyo kishikio hasi cha betri kitolewe kabla ya stata kuguswa kwa spana.

Kwa anayejiandaa kuleta gari kutoka Dar es Salaam, au anayeliendesha kila siku mjini Bujumbura, daftari dogo linatosha. Kila gari linapogoma, andika mambo manne: injini ilikuwa ya moto au ya baridi, mlio ulikuwa upi, taa zilifanyaje, na lilikubali baada ya majaribio mangapi. Mpe fundi maandishi hayo kabla hajafungua boneti, na umwombe apime kabla hujanunua chochote.